Mkono wa Pembeni ya Picha

Siku zile ungeniuliza kama kuna kitu cha kunishtua duniani, ningekucheka. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nimebeba magunia Murongo, nimeendesha bodaboda nikivusha watu na mizigo mpakani, nimelala njaa nikalala tena, na kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa mfanyabiashara wa ng'ambo kwa fedha niliyoitoa kwenye soksi. Nikajifunza mwenyewe kupiga, nikajifunza mwenyewe kukata picha kwenye laptopu, hakuna aliyenishika mkono. Leo ukiingia nyumba kumi za Kyerwa zenye televisheni, saba zina harusi niliyoipiga mimi. Nimeshapiga harusi ambayo bwana harusi alizimia madhabahuni, nikaendelea kupiga. Nimeshapiga msiba ambao ndugu walishikana makoo juu ya kaburi. Sikutetemeka. Nilijua kila kitu cha kazi yangu, na ambacho sikukijua nilikuwa na uhakika hakina maana.

Harusi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya binti wa Kamuli. Baba yake alikuwa amefariki zamani, akabaki mama mmoja mfupi, mkavu, wa kanisa, mwenye migomba iliyopangwa kama askari na kahawa iliyokatiwa vizuri. Bwana harusi alikuwa kijana wa Muleba anayefanya kazi ofisini Bukoba, mpole, mwenye miwani. Nilipiga kwa kamera tatu. Moja yangu mwenyewe, mbili za watu niliowakodi.

Siku ya tatu baada ya harusi, yule mama alinipigia simu niende. Nikamkuta nyuma ya jiko anaanika maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Kaa hapo kwenye gogo. Umeshaanza kuikata ile video?"

"Naianza kesho."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. "Yule mwanamke wa gomesi ya rangi ya chungwa unamkumbuka?"

Nani angemsahau, na lile gauni refu la mabega yaliyosimama? Alikuwa shangazi wa binti, dada wa marehemu, mrefu kuliko wanaume wengi pale, amekuja kutoka Nyakakika. Kwetu binti hatoki nyumbani kwao bila shangazi. Yeye ndiye humshika mkono na kumtoa mlangoni, na hakuna mama anayeweza kukataa hilo hata kama hawasalimiani. Na hawa wawili hawakuwa wanasalimiana. Marehemu aliacha kibanja, yaani shamba la migomba, na huyo shangazi alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema miramura, ile miti ya mpaka, ilikuwa imesogezwa. Tangu hapo, basi.

"Sitaki kumwona," mama akasema. "Mtoe."

"Mama, huyo amemshika binti mkono. Nikimtoa yeye namtoa bibi harusi."

"Wewe si fundi? Au watu wanakusifia bure?"

Hapo alinigusa penyewe. Akanishindilia noti mkononi, elfu sitini, na akaniapisha nisimwambie mtu, binti yake kuliko wote, kwa sababu binti alisomea kwa shangazi yake Nyakakika miaka minne na walipendana. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo mama hakulitaja, ila mimi nilikuwa nalo kwenye kamera. Pale mlangoni, shangazi alipomtoa binti, alimnyooshea wifi yake mkono. Mama akaficha mikono yake mgongoni. Ilikuwa sekunde nne tu, watu walikuwa wanaimba, nadhani hakuna aliyeona. Kamera iliona.

Nilimtoa. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Katika kukata video unaweza kuvuta picha, yaani kuikuza ndani ya fremu mpaka kilichokuwa pembeni kitoke nje. Nilikaa siku tano. Kila alipotokea nilivuta, nikasogeza, nikavuta tena. Sehemu arobaini na moja. Pale mlangoni ulikuwa unamwona bibi harusi na mkono uliomshika, mkono tu, na mkono hauna jina. Mikono iliyofichwa mgongoni nayo ikaenda zake. Ungeangalia video ile kutoka mwanzo hadi mwisho ungesema shangazi hakuwahi kuzaliwa. Mpaka leo sijaona kazi safi namna ile wilaya hii nzima.

Nilimpelekea bwana harusi vipande aone. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Fundi, imekaa vizuri. Ila hili gauni. Hapa jeupe, hapa la njano, hapa kama limefuliwa na sare za shule."

"Ni kamera tatu hizo. Kila moja ina macho yake."

"Kuna dada Bukoba anasawazisha rangi. Ya mwenzangu kazini alimfanyia, ikatoka kama sinema. Mimi nitamlipa. Wewe mpelekee tu."

Iliniuma, lakini fedha ilikuwa yake. Na alinipa siku: Jumapili ya wiki ile wangekuja Kamuli, yeye na mkewe, mara yao ya kwanza kurudi nyumbani kwa mama baada ya harusi. Wazazi wake wangekuwepo. Wangeitazama video wote pamoja. Alikuwa amenunua televisheni kubwa ya kumpa mama mkwe.

Basi nikapanda gari asubuhi na mapema, vumbi mpaka Omurushaka, nikabadilisha, nikavuka daraja la Kyaka, nikafika Bukoba mchana. Yule dada alikuwa na chumba kidogo nyuma ya duka la vipuri, mapazia meusi, kuta kazipaka rangi ya kijivu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ametulia sana, anaongea kama mtu anayehesabu dawa.

Akanieleza jambo nililokuwa silijui, ingawa nilitikisa kichwa kama nalijua. Mimi nilidhani nampa video, anaipaka rangi, basi. Kumbe hapana. Programu yake ya rangi siyo ile ninayokatia. Inabidi projekti yote ihame, na inapohama haihami picha. Inahama orodha: chukua kipande hiki, anzia hapa, ishia pale, kisha kile. Ile programu yake inasoma orodha, inakwenda kwenye picha mbichi kama zilivyotoka kwenye kamera, inajenga video upya.

"Orodha haibebi kila kitu, kaka," akasema. "Kwa hiyo nakuuliza. Kuna mahali umepunguza mwendo? Umegeuza picha? Umevuta?"

Nikamwangalia. Kabla ya hapo, wakati laptopu inawaka, tulikuwa tumeshaulizana kwao wapi na kwetu wapi, kama inavyofanyika. Akaniambia ameolewa Nyakakika. Nyakakika hiyo hiyo. Sasa ananiuliza kama nimevuta picha. Nikisema nimevuta, ataniuliza nimevuta nini. Nikimwonyesha, atamwona mwanamke wa gomesi ya chungwa, na pengine anamwita mama mdogo au jirani au mzee wa kanisa. Kabla sijafika Kyaka simu ingekuwa imeshafika.

"Nimekata tu," nikasema. "Mimi kukata kwangu ni kukata."

"Hakuna hata moja?"

"Dada, nimeifanya kazi hii kabla hujajua kompyuta inawashwa wapi."

Hakukasirika. "Sawa. Basi niachie na video ya mfano, ile uliyoimaliza wewe, niiweke pembeni nilinganishe."

"Mfano wa nini? Mimi ndiye mfano."

Akacheka kidogo puani. Nikamwachia diski ya picha mbichi, ile orodha, na sauti. Zile siku mbili za kusubiri nililala kwa ndugu yangu, nikawa naenda kuangalia. Alinionyesha kanisani, gauni limekuwa jeupe kama linavyotakiwa, ngozi za watu zina uhai, migomba nyuma kijani mpaka unatamani kuikata. Moyoni nilikiri. Mdomoni nikasema siyo mbaya.

Jumamosi mchana akanikabidhi flashi. "Itazame yote kabla hujaondoka. Keti hapo, nitakuletea chai."

"Gari linaondoka. Na mimi ndiye niliyeipiga, nitazame nini?"

Jumapili baada ya ibada tulikuwa Kamuli. Sebule imejaa, mapazia yamefungwa mchana kweupe ili kioo kionekane, watu wamesimama madirishani wameingiza vichwa chini ya pazia. Mbele walikaa wazazi wa bwana harusi kwenye makochi, na kaka wa baba mkwe, mzee mmoja mnene mwenye maneno, ambaye siku ya harusi ndiye alikuwa emsii. Binti alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama yake. Rimoti alikuwa nayo bwana harusi. Kikapu cha akamwani, zile buni za kutafuna, kilikuwa kinazunguka mikononi. Jikoni ndizi zinaiva, harufu inakuja.

Ikaanza. Gauni likatokea, watu wakaguna kwa raha.

"Fundi," yule mzee mnene akasema, "hii ni wewe au umeiba mahali?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Maana ile ya mwanangu ulitupa rangi ya uji."

Wakacheka, nami nikacheka. Baba mkwe akageuka akanitikisia kichwa. Niseme ukweli, nilikuwa naelea.

Dakika ya sita nikaona rangi ya chungwa.

Mwanzoni nilidhani ni kanga ya mtu. Kisha picha ikabadilika, na akawepo tena, nusu ya bega. Kisha mzima. Amesimama nyuma ya binti anamfunga mkufu, na mimi pale nilikuwa nimevuta mpaka yamebaki macho ya binti na sikio. Sasa picha ilikuwa wazi, pana, kama ilivyotoka kwenye kamera. Orodha ilikuwa imebeba kukata kwangu kote na kuacha kuvuta kwangu kote njiani. Yule dada alifanya alichoambiwa. Tena kwa ile kazi yake nzuri, gomesi ilikuwa inawaka kama moto wa nyasi. Katika sebule nzima hukuona kitu kingine.

"Shangazi huyo," binti akasema, akatabasamu.

Mama aligeuza shingo polepole akanitafuta kwa macho, akanipata.

Mimi video yangu naijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwake gizani. Nilijua mlango uko wapi. Dakika ya ishirini na kidogo. Mkono unanyooshwa, mikono inafichwa, mbele ya wakwe, kwenye kioo kikubwa kama meza. Nilikuwa na dakika kumi na nne.

Nikafikiria jenereta. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya choo. Ningetoka nikafunga mafuta, ningesema limechoka. Lakini mlangoni walisimama watu watano na mimi nilikuwa nimebanwa katikati ya kabati na ukuta. Nikafikiria kumwomba bwana harusi rimoti. Ningemwambia nini? Nikainama nikamnong'oneza, "Baba, turuke hapa mbele kidogo, kuna mahali sauti mbaya."

"Acha iende tu fundi, sauti iko sawa."

Dakika ya tisa. Dakika ya kumi na moja. Shangazi anacheza, shangazi anapokea wageni, shangazi anapepea kanga. Kila alipotokea, mama alikuwa anapungua kwenye kiti chake. Na mimi, nitasema kitu ambacho sikipendi, kuna dakika nilisahau. Baba mkwe alisema, "Angalia hiyo milima nyuma, unaona mpaka Rwanda," na mzee mnene akasema huyu fundi apelekwe Dar, na mimi nikanyoosha shingo nikaangalia milima yangu. Nilipokumbuka, nyimbo za kutoka nyumbani zilikuwa zimeanza.

Mlango ukafunguka kwenye kioo. Shangazi akatoka na binti. Akasimama. Akamnyooshea wifi yake mkono. Mama, mwenyewe, na gauni lake la buluu, akarudisha mikono mgongoni akaangalia pembeni. Sekunde nne. Sijawahi kujua sekunde nne ni ndefu kiasi kile.

Wanaotafuna buni waliacha kutafuna. Bwana harusi alisimamisha picha, nadhani kwa kutojua la kufanya, na ikasimama hapo hapo, mkono umenyooshwa hewani.

Yule mzee mnene ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. Akageuka kwangu, akacheka kwa kulazimisha. "Fundi nawe. Hata mtoto wa shule angeona hapo pa kukata. Macho yako yalikuwa wapi?"

Angenitukana kitu kingine chochote ningenyamaza. Angesema mimi mlevi, mwizi, ningenyamaza, nikamwokoa yule mama. Lakini mbele ya watu wote wale, mtoto wa shule?

"Niliona," nikasema. "Sehemu zote arobaini na moja nilizitoa, moja moja, siku tano. Hakuna mtu wilaya hii angeweza. Ni programu ya rangi iliyomrudisha. Muulizeni mama kama sikufanya kazi aliyonipa."

Ikatoka. Niliisikia ikitoka kama mtu anavyosikia chungu kikivunjika chumba cha pili.

Binti akainuka kutoka kwenye mkeka. Hakupaza sauti. "Mama. Ulimwambia amtoe shangazi?"

Mama akasema, "Ni kweli. Nilimwambia."

"Harusini kwangu."

"Nimesema ni kweli."

Binti akavaa viatu. Ndizi zilikuwa zimeshapakuliwa, na kwetu binti akirudi mara ya kwanza na mumewe hatoki bila kula kwa mama yake. Ni aibu inayozungumzwa miaka. Mama wa bwana harusi alimshika kanga, binti akaitoa taratibu. Akaniambia mimi, "Una gari hapa?"

"Ninalo, la kuazima."

"Nipeleke Nyakakika. Chukua na hiyo video."

Bwana harusi akafuata. Tukapita mbele ya sahani zinazofuka moshi. Mama alisimama mlangoni, mlango ule ule, mikono mbele sasa, haijui pa kwenda. Hakumwita mtoto wake.

Tulipopita Omurushaka simu yangu ikaita. Mama.

"Mmefika wapi?"

Nikamwambia.

"Usiruke mahali. Mwonyeshe yote." Akakata.

Shangazi tulimkuta anachambua maharage. Binti alimpigia magoti, akamsalimu, kisha akalia, akamweleza yote pale pale uani. Nikafungua laptopu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaenda moja kwa moja mlangoni. Nilitaka yaishe. Shangazi akaangalia mara moja.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Simamisha hapo." Akaweka kidole kirefu kwenye kioo. "Huu ni mkono gani?"

Tukaangalia sote. Ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umemshika binti, na desturi hairuhusu kumwachia mpaka afike kwenye gari. Nilikuwa nimeikata picha ile mara ngapi, nimeivuta, nimeisogeza, na sikuwa nimeona hilo.

"Nimemnyooshea mwenye nyumba mkono wa kushoto, mbele ya wakwe zake," shangazi akasema. "Yuko sawa. Mimi pia ningeukataa." Akakaa tena kwenye kigoda chake. Baadaye kidogo akasema, "Miramura lakini aliisogeza."

Binti akacheka huku makamasi yanamtoka. Akampigia mama yake, akamwambia habari ya mkono wa kushoto. Sikusikia jibu, ila lilikuwa fupi. Hawakupatana siku ile, na sitasema walipatana baadaye, maana sijui. Najua kwamba tulirudi Kamuli jioni ile ile, shangazi akabaki kwake, na binti akala ndizi zilizopoa, mama yake akimwangalia.

Jumanne mama akaniita. Gogo lile lile.

"Fundi, ile kazi niliyokulipa haikufanyika."

"Mama, niliifanya."

"Iliyoonekana ni ipi?"

Nikamrudishia zile elfu sitini. Kisha nikapanda gari kwenda Bukoba na video ya mfano kwenye flashi mpya, nikakaa kwenye kile chumba cha kijivu, na yule dada alipouliza nimevuta wapi nikamsomea kutoka kwenye karatasi, moja baada ya nyingine. Keki, nimevuta. Mtoto anayelia kanisani, nimevuta. Zile arobaini na moja nikamwambia aziache wazi. Ndivyo binti alivyoagiza.

"Mbona hukuniambia siku ile, kaka?"

"Umeolewa Nyakakika."

Akafikiria, akacheka mpaka akashika meza. "Yule ni shangazi wa mume wangu," akasema. "Habari ya miramura tunaijua wote."

Nikaitazama yote, mwanzo hadi mwisho, na chai yake nikanywa. Bwana harusi alikuwa ameshalipa mara ya kwanza, hii ya pili ilikuwa yangu. Ukijumlisha rangi ya pili, nauli, mafuta ya kwenda na kurudi Nyakakika, flashi, na ile ya mama, ule mkono wa kushoto ulinigharimu shilingi laki mbili, elfu themanini na tatu na mia tano.